Fundi Aliyechoka Kushona Kola

Fundi wetu wa nguo alikaa ughaibuni miaka ishirini akishona kola tu. Kola asubuhi, kola jioni, aliyeivaa hamjui. Tangu arudi, hakupi nguo yako mpaka uivae utembee mbele yake, naye pini kazibana midomoni, macho yanacheka. Vidole vimekakamaa, lakini mshono wake haupindi, na mimi si mtu wa kusifu ovyo.

Jana nimevaa gauni langu jipya, bintiye akapiga simu kutoka kulekule, naye fundi sauti kaifungulia duka zima. "Baba, tiketi nimeshakata. Huku umeme haukatiki, daktari yuko mlangoni. Huko una nini?"

"Yote kweli, mwanangu," akasema, na papo hapo umeme ukakatika, feni ikasimama. Mimi roho mkononi: akiondoka huyu, nani atanishonea? Lakini sikumwonyesha.

"Ngoja kwanza. Bibi, hebu geuka."

Nikageuka.

"Mama wee! Mwanangu, ungemwona bibi anavyoringa! Tiketi irudishe. Njoo wewe, nikupime."

Nikageuka tena, na safari hii hakuna aliyeniambia.