Programu Yangu na Ngamia wa Darasa Zima

Mimi ni mvivu wa kusahihisha, na sioni haya kusema. Ndiyo maana, nilipoanza kufundisha hifadhidata katika chuo kimoja hapa Garissa, niliandika programu ya kunifanyia kazi hiyo. Inachukua jibu la mwanafunzi, inalilinganisha na langu, inatoa alama, nami nakunywa chai.

Zoezi la mwisho niliona ni jepesi. Niliwapa orodha ya ngamia waliouzwa sokoni, wapange majedwali, kisha wahesabu mauzo ya siku. Programu ikawapa sifuri wote isipokuwa mmoja, mwanafunzi kutoka Nyeri. Waliokosa walikuwa na jibu lilelile moja. Wameibiana! Niliingia darasani nikafoka hadi koo likakauka, nikaapa sifuri zitabaki.

Baada ya kipindi alinifuata mwanafunzi mmoja, mama wa watoto wawili kutoka Bura. Ofisi ya mifugo ilikuwa imemkubali kwa mafunzo ya kazini, mradi afaulu somo langu. Sifuri ile ingemfungia mlango. Hakulia, hakubembeleza.

"Mwalimu, wewe umewahi nunua ngamia?"

"Sijawahi."

"Wallahi, inaonekana. Ngamia ya kunyonyesha haiuzwi bila mtoto yake. Hiyo ni mauzo moja. Wewe umehesabu mbili."

Nilifungua orodha. Ndama walikuwa mle, kila mmoja chini ya mama yake, nami nilikuwa nimewauza kama mayatima. Hakuna aliyeibia mwenzake. Walijua tu, tangu utotoni. Yule wa Nyeri alikubaliana nami kwa sababu yeye pia ngamia alimjulia chuoni.

Nilicheka, kisha aibu ikanishika. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja nusura niwamalize wenyeji.

Siku hiyohiyo niliwaita wote, nikaomba radhi, nikarekebisha jibu langu wakiona kwenye picha ya projekta ukutani, nikaiendesha programu upya. Alama zikapanda moja baada ya nyingine, na kila moja ilishangiliwa kama bao. Yule wa Nyeri nilimwachia zake, maana kosa lilikuwa langu. Furaha niliyokuwa nayo sijawahi kuipata kwa kusahihisha kwa kalamu.

Ilipotokea ya mama wa Bura, tisini na mbili kwa somo zima, sikumsikia akishangilia. Niligeuka. Alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Halo, ofisi ya mifugo? Nimepita. Jumatatu nakuja."