Siku ya Kuzaliwa ya Dereva Wetu

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mifugo mjini Garissa. Nilitoka Nyeri nikiwa msichana, nikapewa chumba chenye feni na kompyuta ambayo hakuna aliyekuwa akiigusa. Kaka yangu wa Nairobi akanitumia disketi yenye programu ya kalenda, ya bure, iliyokuja na gazeti alilonunua. Ukiiandikia jambo, siku yake ikifika kinatokea kidirisha chenye picha ya kengele, na mashine inapiga muziki mwembamba kama wa kadi ya Krismasi.

Niliupenda ule muziki mno. Niliandika mikutano, chanjo za mbuzi kule Ijara, hata siku ya kufua mapazia, mradi tu mashine ilie. Nilipokosa la kuandika, nikaanza siku za kuzaliwa za wenzangu.

Dereva wetu, mzee wa Kisomali aliyeniita abaayo, yaani dada, alinipa kipande chake cha utambulisho. Kilisema alizaliwa tarehe mosi Januari.

"Hiyo si yangu," akasema. "Karani aliuliza, nikasema sijui, akaandika yake."

"Sasa ulizaliwa lini, Mzee?"

"Mama alisema mvua kubwa imeanza, ngamia wamelala njiani, wamekataa kwenda."

"Hiyo itakuwa Aprili."

"Basi weka Abrili. Tutafute siku nzuri."

Akapitisha kidole juu ya kioo cha kompyuta taratibu, kama anayechagua mbuzi sokoni. Jumatatu zote akazikataa. Akatua kwenye Jumatano moja tupu. "Hii hapa. Haina mtu."

Aprili ilipofika nilikuwa nimesahau kabisa. Mashine ikalia asubuhi, nikaruka kitini. Tukaagiza halwa na chai ya maziwa ya ngamia, kisha ofisi nzima, bosi akiwa mbele, tukatoka uani. Mzee alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Akachungulia.

"Mbona mmekuja wote? Nani amekufa?"

"Umezaliwa!" bosi akamjibu.

Alicheka mpaka akarudi kulala chini. Tulipotaka kumwimbia akakataa. "Wimbo hapana. Chai ndiyo." Kisha akaja chumbani kwangu na mikono yake ya grisi, akataka kuisikia kengele mwenyewe.

"Inasema mimi?"

"Inasema wewe, Mzee."

Kesho yake akaja mkewe, mama mrefu ambaye hakuwahi kukanyaga ofisini kwetu. Akaweka kibuyu cha maziwa mezani.

"Mume wangu jana amejisifu mpaka watoto wakalala. Mimi sina siku?"

"Ulizaliwa lini, mama?"

"Sijui. Lakini iweke mbele ya yake."

Nikamwekea Machi. Akavuta kiti, akakaa.

"Sasa ilize."

"Siku haijafika, mama."

"Wewe ilize tu."

Nikailiza. Akaupigia makofi ule muziki mpaka ulipokwisha, akasema turudie.