Siku Polisi Walipofunga Sauti

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Mwaka tuliomaliza kuezeka nyumba yetu hapa Karatu, alifunga redio ya upepo sebuleni ili tuweze kuzungumza akiwa ndani ya kreta ya Ngorongoro, maana kule chini simu zilikuwa hazishiki. Fundi aliyemsaidia aliitengeneza ikawa inanasa hata mawimbi ya polisi. Mume wangu alicheka. "Haya, mama watoto, umepata majirani wapya."

Wakati huo sikuwajali. Nilikuwa na watoto wadogo na shamba la maharage. Redio ilijisemea yenyewe juu ya kabati: lori limekwama, ng'ombe wamezuia barabara, mgonjwa anateremshwa kutoka Ngorongoro. Niliisikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati.

Mpaka asubuhi moja nikiwa napukuchua mahindi. Askari alisema gari la wageni limepinduka mteremkoni, wageni wako salama, dereva amebanwa na usukani. Hakutaja jina. Alitaja namba za gari.

Nilitoka na kanga na ndala nilizokuwa nimevaa, nikapanda bodaboda mpaka hospitali. Nilifika kabla ya gari lililombeba. Walipomteremsha alifumbua macho, akaniona.

"Nani kakwambia?"

"Redio."

"Afadhali," akasema.

Alinishika kidole kimoja, maana hakuwa na nguvu ya kushika mkono mzima. Tukakaa hivyo. Alasiri akafariki. Simu ya kazini kwake, ya kunipa habari ya ajali, iliita nikiwa tayari nimeshamfumba macho.

Watoto nao wakakua, wakaondoka mmoja mmoja, huyu kusoma, yule kuolewa. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwelikweli. Niliwasha redio nikiamka, nikaizima nikienda kulala. Askari wale niliwafahamu kwa sauti tu. Mmoja alikuwa Mmasai, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kama mtu anayeita ng'ombe. Mwingine alikuwa akikohoa kabla ya kusema lolote, nami nilimjibu nikiwa peke yangu jikoni, "Kunywa tangawizi, baba." Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba nipo duniani.

Halafu, katikati ya masika, sauti zikakatika. Ukabaki mkwaruzo mtupu. Nilidhani antena imeangushwa na upepo, nikamwita fundi. Alipanda juu ya bati, akashuka akitikisa kichwa.

"Antena yako nzima, mama. Polisi ndio wamebadilisha redio. Hizi mpya zinavuruga sauti kabla haijatoka, na redio zao wenyewe ndizo zinaipanga upya. Hii yako haiwezi tena."

Nilienda kituoni. Hata sasa sijui nilikwenda kutafuta nini. Nyuma ya kaunta alikuwepo askari mnene, kijana kuliko nilivyotegemea. Akakohoa.

"Shikamoo, mama. Tukusaidie nini?"

Ndiye yule wa kikohozi. Nilimjibu marahaba, nikamuuliza kwa nini wamefunga sauti. Akanitazama vizuri.

"Kumbe ulikuwa unatusikiliza?"

"Ndiyo, baba."

Hakukasirika. "Mama, hata wezi wa mifugo walikuwa wanatusikiliza. Tukisema tunakwenda Soitsambu, tunafika hatumkuti mtu. Halafu si vizuri mtu apate habari ya msiba wake redioni."

"Wangu niliupata redioni," nikasema. "Ndiyo maana nilimkuta mume wangu angali hai."

Aliinamisha macho. Akasema, "Pole sana, mama. Lakini zile sauti siwezi kukurudishia." Akatoka nyuma ya kaunta, akanisindikiza mpaka getini. Nilitaka kumwambia habari ya tangawizi, nikaona haya. Yeye alikuwa amenifahamu kwa dakika chache tu, na mimi nilikuwa nimeishi naye miaka.

Haukupita muda mrefu, binti wa jirani yangu, muuguzi huko Wasso, akawa anarudi nyumbani, lakini basi lake halikufika. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, na simu yake haipatikani. Mama yake alikuja kwangu bila hata mwavuli.

"Dada, washa redio."

"Siku hizi haisemi."

"Washa tu."

Nikawasha. Aliinama mpaka sikio likagusa spika, akasikiliza ule mkwaruzo kana kwamba kuna maneno ndani yake. Nilimwacha. Niliposhindwa kumtazama zaidi, niliizima nikapasha makande. Hakula.

Binti alifika kesho yake mchana, matope mpaka magotini. Basi lilikuwa limekwama kwenye korongo, wakalala humo humo. Mama yake alimkumbatia palepale barabarani, akalia kwa Kiiraqw, halafu akanigeukia: "Njoo baadaye tule pamoja."

Nilisema nitakuja. Nikakaa barazani. Kwao kulikuwa na kelele za sufuria na kicheko, na binti akisimulia jinsi abiria walivyoimba ndani ya basi ili wasiogope. Maneno mengine sikuyapata. Kwa muda nilibaki nimetega sikio, kama nilivyozoea. Kisha nikavaa viatu, nikaenda kugonga mlango wao.