Vumbi ya Majani Makavu

Bantu ya Kolwezi banajua vumbi ya mine. Yetu ilikuwa ingine. Mi nilikuwa nakamua ngombe ku ferme moya, ngambo ya Kapata, na vumbi yetu ilitoka mu majani makavu. Asubui, jua ikipita mu matundu ya mabati, ile vumbi ilisimama mu hangar ya kukamulia kama unga ya dhahabu, polepole, na ngombe zilitokea ndani yake moya-moya kama mu ndoto. Niliipenda, sidanganyi. Ni kisha njo nilisoma, peke yangu, mu kitabu ya kupasuka, kama mu ile vumbi munakaa mikrobe ya majani ya kuoza, ya kuingia mu kifua.

Tata, muzee mwenye alinifundisha kukamua, alikohola tangu zamani. Alizaliwa hapa, lakini bankambo yake balitoka Kasai. Kwetu dawa ya vumbi ni maziwa: ukikohola, banakupa kikombe ya moto, kutoka ku ngombe mpaka mu kinywa. Na wakati ya kutikisa majani, tulifunga milango yote, juu upepo isiibe chakula ya ngombe.

Mambo ikaharibika. Majani ya mupya haikuya tena. Ya zamani ikalowa mvula, ikaoza, ikakuwa rangi ya majivu. Tukaendelea kuitikisa.

Kisha bantu ya hapa bakaanza kufukuza bantu ya Kasai. Bakapita ku barabara na kuimba barudie kwabo. Mi nikatoka, nikaita moya yabo mwenye nilijua:

— We! Mama yako alikunywa maziwa ya huyu tata na we mu tumbo!

Benzake bakacheka. Yeye akatupa jiwe.

Bibi ya tata, muke wake, alishaenda ku gare ya treni na mafurushi. Tata alikataa.

— Ile ngombe ya mimba iko karibu kuzaa. Nani ataizalisha? We, na ile mudomo?

Basi, sisi bakamuaji tukamuficha mu hangar, nyuma ya majani. Milango tukafunga na kufuli. Maziwa tukamupa. Kila siku pumuzi yake ilikuwa fupi zaidi, ikilia kama mulango ya kizee.

Bibi yake akakuya kumutafuta. Akaweka kitambala ku pua.

— Munamuficha ao munamuzika?

— Mama, huko inje batamupiga!

— Inje kuko upepo.

Tata akacheka, kicheko ikageuka kikoozi, na midomo yake ikakuwa majivu kama ile majani. Mi mwenyewe nikavunja kufuli.

Nilitembea mbele yabo mpaka ku gare, na fimbo ya ngombe mu mukono. Ku barabara hakuna mutu alitupa jiwe.

Kule bantu balilala inje, bakingoja treni. Kila asubui nilileta maziwa, na kusema, kusema, kutukana dunia. Siku moya tata akashika mukono yangu.

— Nyamaza kidogo, mutoto wangu. Sikiliza.

Nikaweka sikio. Upepo ilipita juu ya rails. Mu kifua yake hakukuwa tena ile kulia ya pumuzi. Kimya, kama maji mu ndoo.

— Kumbe ni majani, akasema.

— Basi rudia! Tutafungua milango!

Akaangalia bibi yake, amelala juu ya furushi.

— Fungua tu.

Treni ikababeba. Mi nikarudia, nikafungua milango yote ya hangar. Upepo ikaingia, ikaiba majani, ikaiba dhahabu yote, na ile ngombe ya mimba ikasimama pale, ikipumua.