Fundi Anayefuta Maonyo

Fundi wetu wa kompyuta hapa Kitale hapendi kelele. Seva inayotunza mafaili ya ofisi nzima ikitoa onyo la bure, yeye huingia kwenye programu yake na kulifuta, kidole kikibonyeza taratibu kama anayeua kiroboto. "Ikilia ovyo kila saa, ati nani ataisikia siku ya shida?" husema. Kisha, bila kugeuka, hutuonya sisi wafanyakazi wenzake: "Jentrix, toa hiyo chai hapo. Makokha, chunga waya." Chai iko mbali na mashine, waya haujawahi kumwangusha mtu. "Na wewe, bana, nani atakufuta?" Jentrix humjibu, akiendelea kunywa. Jumatatu fundi aliikodolea skrini macho, akanyamaza kabisa. Jentrix alihamisha kikombe bila kuambiwa, na sisi wengine tukaanza kunakili mafaili yetu mbio mbio.