Magimbi Tuliyoyahamisha

Mtoto wa mdogo wangu alizama kwenye kidimbwi cha nyumbani kwetu Marangu, asubuhi, watu wazima watatu tukiwa pale pale. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi, mimi nilikuwa bandani nikiwapa ng'ombe majani, na mdogo wangu, mama yake mtoto, aliyekuwa amekuja kukaa nasi kwa muda, alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Kidimbwi chenyewe alikichimba marehemu baba ili kukinga maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka juu mlimani. Mimi maji yake hayakunifika magotini. Lakini pembeni yake mama alikuwa amepanda magimbi, nayo yalistawi mno, majani mapana kama nyungo. Mtoto alipita chini ya majani yale na hakuna aliyemwona. Alikuwa na miaka miwili tu.

Tulimzika Sanya Juu, kwa wakwe wa mdogo wangu. Baada ya matanga alirudi Marangu kuchukua nguo za mtoto. Alipotoka nazo alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kuelekea uani.

"Kateni vyote," alisema. "Magimbi, migomba, masale, vyote. Sitaki kuona kitu kimesimama hapa."

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda. "Magimbi haya ndiyo yaliyokulea, mwanangu."

"Na ndiyo yaliyomficha wangu."

Mdogo wangu akashuka kwake Njoro, mjini, na tangu siku ile akipiga simu alipiga kwangu. Mama hakumuulizia hata siku moja.

Kihamba chetu, shamba hilo linaloizunguka nyumba, si kikubwa. Kama tungefyeka kila kitu, mama angekula nini? Migomba yake ilikuwa mizima, wakati kwa jirani ilikuwa ikinyauka kwa ugonjwa. Mibuni michanga ilikuwa ndiyo kwanza imeshika. Nikamwita baba mdogo, aliyekuwa akilima kihamba cha chini yetu.

Alizunguka uani mikono ikiwa nyuma. "Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka mtu akisimama mlango wa jikoni aone mpaka getini. Kusiwe na cha kumziba macho."

"Basi hatukati kitu kizima," alisema. "Tunahamisha."

Tulianza na maji. Tuliuziba mfongo kwa udongo na magogo ya migomba, tukaupitisha nje ya ua, kando ya mpaka. Kidimbwi kikabaki tope. Baba mdogo alikuwa akilichota kwa koleo ili tujaze mawe, mara akasimama. Koleo lilikuwa limeleta kikombe cha plastiki cha njano.

Mama alikitambua kabla yangu. Ndicho alichokuwa akichotea maji ya kumwagilia miche ya mibuni kila asubuhi, na mjukuu akimfuata nyuma.

"Alikuwa ananiiga mimi," alisema.

Baba mdogo alivua kofia, akaivaa tena. Mama alikiweka kikombe juu ya ukuta wa banda, akafunga kanga kiunoni, akaanza kung'oa magimbi mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma mkono. Aliyapunguza majani, akabakiza vichwa na mashina, akayabeba kidogo kidogo hadi chini kabisa ya kihamba, nyuma ya uzio tuliousuka. Machipukizi ya migomba tuliyafuatisha huko na samadi yake. Mibuni michanga tuliihamisha na udongo wake ili mizizi isishtuke. Masale tuliyakata vipande tukayachomeka mpakani kuwa ua. Kidimbwi tukakijaza mawe, kisha udongo, tukapanda nyasi. Mingi kati ya mibuni ile ilikufa. Magimbi hayakufa hata moja.

Krismasi, watu wote walipopanda kuja nyumbani, mdogo wangu hakuja. Alikuja wakati wa masika, bila kumwarifu mtu. Nilimwona amesimama katikati ya ua na mwavuli. Udongo ulikuwa umetitia, na pale pale palipokuwa na kidimbwi maji ya mvua yalikuwa yametuama.

"Dada, mlisema mmepaziba."

Kabla sijajibu mama alitoka jikoni na jembe, mvua ikimpiga. Akamsogelea.

"Alikuwa na kikombe," mama alisema. "Tulikikuta kwenye tope. Alikwenda kuchota maji amwagilie mibuni, kama alivyoniona mimi."

Mdogo wangu aliachia mwavuli. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipokelea simu?"

Alilia kwa sauti, mpaka baba mdogo akapanda kutoka kwake kuuliza kuna nini. Mama hakumkumbatia, wala yeye hakumkimbilia mama. Baadaye alilichukua lile jembe mkononi mwa mama, akaanza kuchimba mtaro wa kuyatoa maji yale hadi nje ya ua. Mama aliinama upande wa pili, akawa anatoa udongo kwa mikono. Mimi nilileta mawe. Tulifanya kazi hiyo mpaka maji yote yakatoka.

Siku hizi wanapigiana simu. Wanaongea habari za mvua, na za ng'ombe. Mdogo wangu huja mchana, husalimia, hukaa kidogo kwenye benchi la jikoni, na jua halizami akiwa Marangu. Hali tena magimbi. Mama naye ameacha kuyapika. Hunituma niyachimbe, niwagawie majirani.