Sungura Niliyemwacha Kawangware

Sungura wangu alizaliwa mtaa wa Kawangware, upande unaoitwa Kongo, nyuma ya nyumba ya dada yangu, kwenye vizimba vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka vikagusa mabati. Dada yangu anafuga sungura wa nyama. Anawauzia wenye hoteli na watu wanaotaka kitu tofauti siku ya Jumapili, na kazi hiyo anaijua. Huyu alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wote, rangi ya majivu, macho ndiyo kwanza yanafunguka, na mama yake alikuwa akimsukuma kila aliposogea kunyonya. Dada yangu alimtoa kwa vidole viwili akaniwekea kiganjani.

"Chukua uchezee," akasema. "Huyu kesho hafiki."

Nilikuwa nakaa kwake wakati huo kwa sababu nilikuwa nimetoka hospitali. Uvimbe ulikuwa umejaa kwenye kizazi changu, na madaktari walipofungua waliona hakuna cha kuokoa. Walikitoa chote. Dada yangu ndiye aliyekuwa nje ya chumba cha upasuaji, ndiye aliyenivalisha, ndiye aliyenipikia uji na kunishika mkono nilipokwenda chooni. Mama yetu, ambaye naishi naye mtaa wa Makina, tulimwambia nimekwenda kumsaidia dada kazi. Mimi ndiye niliyetaka hivyo. Katika ukoo wetu wa Kinubi, mwanamke akiguswa na jambo kama hilo, habari yake huingia kila nyumba kabla yeye mwenyewe hajapona, na sikutaka kuonewa huruma harusini na matangani maisha yangu yote. Dada yangu aliniapia kwamba hatafungua mdomo. Nilimwamini kama ninavyoamini mkono wangu.

Basi nikalala kwenye kochi la dada yangu, mshono tumboni, kiumbe cha majivu kifuani. Nilimpa maziwa ya mbuzi kwa kitonezi cha dawa ya macho, tone kwa tone. Kesho alifika. Na kesho yake. Niliporudi Makina nilirudi naye ndani ya kikapu, na mama alipouliza ni nini, nikasema ni zawadi kutoka kwa dada.

Mama alilalamika siku chache tu. Nyumba yetu ni ya zamani, ina ua wa ndani wenye sakafu ya saruji, na sungura aliufanya ua ule wake. Asubuhi alimsubiri mama amalize swala, kisha akamzunguka miguuni mpaka apewe kipande cha karoti. Mimi nashona nguo nyumbani, na alipenda kulala chini ya cherehani yangu, mguu wangu ukimgusa mgongo kila nilipokanyaga pedali.

Alipokomaa alianza kubadilika. Akawa ananguruma mtu akiingiza mkono kwenye kizimba chake. Akapiga miguu chini kwa hasira, akakojoa juu ya vitambaa vya wateja. Halafu asubuhi moja nilimkuta anang'oa manyoya ya kifua chake mwenyewe, mdomo umejaa, anayapeleka kwenye kona na kuyapanga pamoja na nyasi kavu. Alikuwa anajenga kiota, ilhali hakuna dume aliyewahi kumkaribia. Alikaa juu ya kiota kile akingoja, na hakuna kilichokuja. Baada ya muda akakiacha. Kisha akaanza tena.

Nilimpeleka kwa daktari wa wanyama, mama mmoja kijana mwenye kliniki ndogo upande wa Barabara ya Ngong. Aliniambia hiyo ni mimba ya uongo, mwili unajidanganya. Akasema sungura jike wasiozaa mara nyingi hupata uvimbe mbaya wa kizazi wakizeeka.

"Mimi ningemtoa kizazi," alisema. "Akiwa bado kijana hivi, anapona vizuri."

Sijui kama aliona kitu usoni mwangu. Nikamwambia sawa, anipangie siku.

Alinifundisha la kufanya kabla. Nilidhani atalala njaa, kama nilivyolazwa mimi, lakini alisema hapana: sungura hatapiki, na utumbo wake ukisimama ni hatari, kwa hiyo ale mpaka saa ya kuondoka nyumbani. Nisimbadilishie chakula. Nyasi kavu kwa wingi, maji safi, majani kidogo. Na asikae na dume kabisa.

Nilimpigia dada yangu kumweleza. Alikasirika kuliko nilivyotarajia.

"Unamtoa kizazi? Jike mzuri hivyo, na rangi hiyo watu wananiulizia kila siku? Si umwache azae hata mara moja."

"Si wa kuzaa. Ni wa kukaa na mimi."

"Haya," akasema. "Wako ni wako."

Kabla ya siku ya upasuaji kulikuwa na harusi ya mpwa wa mama huko Bombo, Uganda, ambako tuna ndugu wengi. Mama hakuweza kusafiri peke yake. Wa kumwachia sungura nilikuwa na mmoja tu. Nilimpeleka Kawangware na kizimba chake, na nyasi zake, na taulo analolalia. Nilimwonyesha dada kila kitu, kisha nikasema mbele ya mume wake, "Na asikaribie dume."

"Kwani mimi ni mtoto?" dada alicheka. "Nenda ucheze harusi. Hataguswa."

Bombo palikuwa na ngoma na ubani, na wanawake wamejifunga gurbaba, shuka zetu za Kinubi, za rangi zote. Siku ya pili nilikuwa nimekaa na shangazi mmoja mtu mzima tukichambua mchele. Alinishika goti, akaniambia kwa sauti ya chini, ile sauti ya msibani, "Pole mwanangu. Kizazi si mwisho wa mwanamke. Mungu atakupa mengine."

Mikono yangu ilisimama ndani ya mchele. Nilimwangalia mama, aliyekuwa hatua chache kutoka kwetu akikunja vitambaa. Hakuinua macho. Aliendelea kukunja kitambaa kilekile kilichokuwa kimeshakunjwa, na ndipo nikajua kwamba yeye pia anajua, na kwamba amejua muda mrefu.

Mtu aliyejua alikuwa mmoja. Nililijua hilo pale pale, lakini nilitafuta njia nyingine siku nzima. Labda nesi. Labda mtu aliniona hospitali. Usiposema kitu kwa sauti, unaweza kukibeba safari nzima bila kukifungua. Njiani kurudi, mama aliniuliza kama nasikia baridi. Nikasema hapana.

Nilipokwenda kumchukua sungura, dada alikuwa ameshamtayarisha, kizimba kimefagiliwa, amenyamaza isivyo kawaida yake. Sikumuuliza la Bombo. Niliogopa jibu. Nikabeba sungura wangu nikaondoka.

Alikula vizuri mpaka siku ya upasuaji ilipofika. Daktari alimweka mezani juu ya taulo, akampapasa tumbo kwa ncha za vidole, akarudia, kisha akaleta mashine ya kuangalia ndani.

"Huyu yuko na mimba," alisema.

"Ni ile ya uongo."

"Hapana. Hii ni ya kweli. Angalia."

Kwenye kioo kulikuwa na vifuko vidogo, vimepangika kama punje. Nilisema haiwezekani, anaishi peke yake. Daktari hakubishana. Aliuliza tu kama nimewahi kumwacha mahali, na mimi nikajibu kwa jina la mtaa: "Kawangware."

Akaniuliza kama dume la huko ni kubwa. Nilimfahamu dume wa dada yangu, jitu jeupe linalojaza kizimba kizima. Daktari alisema sungura wangu ana nyonga nyembamba, huenda ni kwa sababu alidumaa alipokuwa mchanga, na watoto wa dume kubwa wanaweza kukwama. Kumtoa kizazi akiwa na mimba kuna hatari yake, damu huwa nyingi zaidi, lakini kumwacha azae aliona ni hatari zaidi. Aliniomba niamue.

Nilitoka nje nikampigia dada.

"Ulimweka na dume."

Kwanza alikana. Kisha akasema labda mlango ulifunguka. Kisha akachoka kudanganya.

"Ndiyo. Nishaahidi watu, kuna mama wa Nyayo Highrise anataka wawili wa rangi hiyo kwa watoto wake. Ungekuja kuwaona ungefurahi. Na huyo sungura nilikupa mimi, usisahau."

"Uliniambia hataguswa."

"Wewe unataka nini? Kwa sababu wewe umetolewa, lazima na yeye atolewe?"

Mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kulitaja jambo hilo kwa neno hilo. Wakati ananiogesha alikuwa akisema "ile shida", au "ile safari yetu". Sasa neno lilikuwa limemtoka jepesi, kama la kila siku, na nikaelewa kwamba limezoea mdomo wake. Ameshalisema mara nyingi, kwa watu wengi.

"Nani mwingine ulimwambia," nikauliza, "ukiacha Mama na Bombo nzima?"

Nilisikia kuku wa jirani yake, na mlango wa kizimba ukigongwa. Kisha akasema, "Mama alikuwa ananiuliza kila siku kwa nini huolewi. Ningemwambia nini?"

Nikakata simu. Nilirudi ndani nikamwambia daktari amfanyie.

Nilikaa kwenye benchi la kliniki muda wote. Sikulia kwa ajili ya sungura, nasema ukweli. Nilikuwa nafikiria kochi la Kawangware, uji ule, mkono ulionishika, na nilikuwa najaribu kujua kama mkono ule ulikuwa wa kweli. Mpaka leo nadhani ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimesalitiwa na mtu asiyenipenda, ningepona haraka.

Sungura alitoka akiwa hai, mlegevu, ulimi umechungulia, tumbo limenyolewa na mshono mwembamba katikati. Daktari alinieleza ya nyumbani. Nisimtandikie maranda, yanaingia kwenye kidonda. Nimtandikie vitambaa safi. Apate joto. Asirukeruke. Dawa ya maumivu kwa sirinji isiyo na sindano, pembeni mwa mdomo. Na jambo kubwa: ale, tena mapema. Asipokula na asipotoa choo, nimrudishe bila kungoja.

Hakutaka kula. Nilimwekea nyasi, dania, kipande cha tufaha, akanigeuzia mgongo. Alikaa amejikunja, macho nusu, akisaga meno, na sungura akisaga meno hivyo anaumwa. Kila nilipomkaribia na sirinji alijibana ukutani. Mimi ndiye niliyemtia kwenye kikapu, mimi ndiye niliyemkabidhi kwa mikono ya wageni mara mbili, na mimi ndiye niliyekuja tena na kitu cha kumlazimisha mdomoni. Kwa upande wake sikuwa na tofauti na dada yangu.

Nililoweka peleti, chakula chake cha vidonge, kwenye maji ya vuguvugu, nikaziponda ziwe uji, nikamfunga kwenye taulo na kumpa kidogo kidogo. Mwingi ulitiririka shingoni. Mama alisimama mlangoni akituangalia, kisha akaja akaketi sakafuni, jambo ambalo magoti yake hayampi ruhusa kulifanya. Akamshika sungura kichwa ili nipate pembe ya mdomo.

"Ungeniambia," alisema, bila kuniangalia. "Ningekuja hospitali."

"Na wewe ungeniambia kwamba unajua."

"Nilingoja uniambie mwenyewe."

Tuliendelea kumlisha. Yeye alinificha kwa kunistahi, mimi nilimficha kwa kuogopa, na katikati yetu dada alikuwa akipitisha habari kila upande. Sikuweza kumkasirikia mama sana. Lakini nilijisikia mjinga, kila chai niliyokunywa naye nikijifanya mzima, naye akinitazama nikijifanya.

Siku iliyofuata sungura alitoa choo, vidonge vidogo vikavu, na mimi na mama tukafurahi. Halafu akavuta unyasi mmoja, akautafuna polepole mpaka ukaisha. Mshono nilikuwa naukagua kwa mwanga wa mlangoni, kama una wekundu, kama una maji. Ulifunga vizuri. Manyoya yakarudi, mafupi na meusi kidogo kuliko ya zamani. Viota havikujengwa tena, wala vitambaa vya wateja havikukojolewa, ingawa miguu bado anapiga akiudhika.

Dada alikuja Ijumaa moja baada ya swala, amebeba mfuko wa majani ya kunde. Mama alimpokea kama kawaida. Mimi nilichemsha chai. Aliuliza kama bado nimekasirika, nikamwambia aweke sukari mwenyewe. Hakusema pole, na sidhani anaona kuna la kuombea pole. Kwake, alimsaidia mama kuelewa, na sungura ni sungura.

Sungura alitoka chini ya cherehani. Akanusa viatu vya dada, akanusa mfuko wa kunde, kisha akajitupa ubavu kando ya mguu wake na kunyoosha miguu, kama wafanyavyo wakijiona salama kabisa. Dada alimkuna kati ya masikio. "Umemwona?" akaniambia. "Huyu hana kinyongo." Niliinuka nikaenda kuangalia maziwa, ambayo nilikuwa nimeshayaepua.

Juzi nilikuwa na kliniki yangu mwenyewe, ya kuangaliwa tena baada ya upasuaji. Nilikuwa kwenye foleni nikingoja kuitwa, simu ikalia. Alikuwa dada.

"Uko wapi? Nasikia watu wengi."

"Niko sokoni Toi," nikamwambia. "Natafuta vifungo."

Akaniombea nipate vizuri, nikamshukuru, na nesi akanionyesha chumba cha kuingia.